Mzima Mpaka Wapi

Jumatatu, tarehe nne ya Mfunguo Tano, mwaka juzi, asubuhi, mke wangu Mwanakheri alikufa baina ya mlango wetu na barabara. Ndivyo tulivyoambiwa hospitali, kwamba amefia njiani. Njia yenyewe ni fupi. Ni kichochoro cha Mkunazini kisichopitisha gari. Watu wawili wa gari ya wagonjwa walimchukua kwa machela, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mimi nikafuata na makubadhi yake mkononi. Uso wake sikuuona, kwa sababu mgongo wa yule wa nyuma ulinziba. Nilichokuwa nacho ni masikio tu.

Nimeanza na hilo ili msije mkaniuliza katikati. Bi Rukia, ambaye nyinyi vijana ndiye anayekufundisheni kazi ya filamu, ameniomba nikuandikieni juu ya kazi yangu ya sauti, na hasa ile filamu fupi ya waokoaji tuliyoifanya pamoja. Nilimwambia mimi nimeishia darasa la saba. Akasema, "Andika kama unavyosema, Ami." Basi nitaandika kama ninavyosema.

Kazi ya sauti, kabla ya kurekodi, ni kuzima vitu. Ukiingia nyumbani kwa mtu zima feni, zima redio, zima friji. Friji ndiyo mbaya zaidi. Mwenye nyumba hatakwambia kuwa inanguruma, kwa sababu yeye ameshaizoea haisikii tena. Sasa ukishaizima, tia ufunguo wa pikipiki yako ndani yake. Hutaweza kuondoka bila ya kuifungua, na ukiifungua utakumbuka kuiwasha. Hili sikufundishwa na mtu. Nilijifunza baada ya kuozesha pweza wa bibi mmoja wa Chukwani, pweza aliyewekwa kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Yule bibi hakunigombeza. Alinifungia mnyiri mmoja wa yule pweza kwenye jani la mgomba akanipa mlangoni. "Chukua mwanangu," alisema, "kazi ya mikono yako." Nilirudi nao mpaka mjini kwenye gari ya abiria, na watu wakaniachia nafasi ya kutosha.

Kunguru huwezi kuwazima. Adhana usijaribu hata kufikiria. Unakaa kitako unasubiri, unaitikia, na mwenye kamera anayeangalia saa yake mwache aangalie.

Mwalimu wangu alikuwa mtu wa redio, tukimwita Maalim Hafidhi. Nilikwenda kwake kijana sijui kitu. Enzi zile sauti ilikuwa kwenye utepe, na kama unataka kuondoa kitu unaukata utepe kwa wembe, kisha unaziunga zile ncha mbili. Siku moja alinipa tangazo la maji. Msomaji alikuwa amekohoa katikati, na kazi yangu ilikuwa kukitoa kile kikohozi. Nikakitoa, na nikajiona fundi. Msomaji alisema, "Kesho maji hayatakatika." Kikohozi kilikuwa kimegandana na ile "ha", na vyote viwili vikaanguka chini ya meza. Likatoka hewani, "Kesho maji yatakatika." Watu wakajaza ndoo, wakajaza mapipa, wakajaza na masufuria ya harusi, na kwa kuwa kila mtu alijaza kwa wakati mmoja, maji yakakatika kweli.

Maalim Hafidhi aliniita. Nikasema naam, nikaenda kusimama mbele yake. Akachukua kile kipande cha utepe kutoka sakafuni, akakishika kwenye mwanga kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.

"Umesema kweli kwa makosa," aliniambia. "Usirudie."

Kisha akanifundisha jambo ambalo ndilo kazi nzima. Sauti moja peke yake haikwambii kitu. Sikiliza iliyotangulia, na sikiliza iliyofuata. Nyinyi hamkati tena kwa wembe, mnakata kwa kidole kwenye kioo, lakini jambo ni lile lile. Mimi nilidhani nimelijua tangu siku ile.

Baada ya redio nikafanya kazi ya kurekodi harusi, na baada ya harusi wakaja watu wa filamu, na hao ndio niliokaa nao mpaka nikastaafu. Mwanakheri alipofariki nikahamia kwa binti yangu, Michenzani. Huko ndiko Rukia alikonifuata. Nilimsikia akipanda ngazi kabla ya kubisha hodi, kwa sababu alikuwa anahesabu ghorofa kwa sauti na kulalamika.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Umepanda kwa miguu?"

"Kwani kuna lifti?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Akakaa, akapumua, akanywa maji. Akaniambia anafanya filamu juu ya watu wa gari ya wagonjwa wanaofanya kazi ndani ya Mji Mkongwe, kule gari isikofika.

"Ina nini ndani yake?" nikamwuliza.

"Wanamtoa mgonjwa nyumbani wanampeleka mpaka barabarani. Basi. Filamu yote ni ile njia."

"Anapona?"

"Anapona."

"Umeshapata pa kuipigia?"

Akanitajia kichochoro changu. Hakujua. Alikuwa ametembea mji mzima akitafuta kilicho chembamba kuliko vyote, na akakipata kile. Nikamwuliza nani watacheza. Akasema hatumii waigizaji, anatumia waokoaji wenyewe, watu wawili wanaofanya kazi sehemu ile kila siku, Makame na Saidi.

"Nshaacha kazi, Rukia."

"Najua. Nimekuja kukutoa."

Nikamwambia nitakuja. Nisikudanganyeni, sikwenda kwa sababu ya filamu. Nilikwenda kwa sababu niliyajua yale majina, niliwasikia wakiitana hivyo siku walipomchukua Mwanakheri. Nilitaka kuwauliza watu wale jambo moja, nalo ni mke wangu alikuwa mzima mpaka wapi. Sikuwa na neno jingine nao. Mtu ukiambiwa mwenzako amefia njiani, na njia ile unaijua jiwe kwa jiwe, unaipita kila usiku kichwani na hujui pa kusimama.

Makame ni mwembamba, maneno mengi, na ndiye anayekaa mbele ya machela. Saidi ni pande la mtu, kimya, na hukaa nyuma, upande wa kichwa cha mgonjwa. Siku ya mwanzo Makame alinipa mkono kama anavyompa kila mtu, akaanza kuniuliza kama lile rungu langu lenye manyoya ni paka au ni nini. Nilimwambia ni kipaza sauti, na manyoya ni ya kuzuia upepo. "Mbona hakuna upepo?" "Wewe unaposema ndio upepo," nikamwambia. Saidi aliniangalia kidogo, akaniamkia, akaenda kukagua mikanda ya machela.

Sasa nikuelezeni jambo la kazi yao, kwa sababu bila ya hilo hamtafahamu yaliyotupata.

Nyinyi wa hapa mnajua. Jeneza likipita, kila mwanamme aliyekaa barazani hunyanyuka, hutia bega hatua chache, kisha humpokeza mwengine. Haulizi ni nani. Na katika kichochoro kile kuna kona ya muuza ndizi, ambapo mabaraza ya pande mbili yanakaribiana na meza ya ndizi iko katikati, hivyo machela haipiti kwa chini. Lazima wainyanyue mpaka mabegani. Machela ikishafika mabegani, mtu aliye mbali haoni machela, anaona jeneza. Basi waokoaji wale wamejizoesha, kabla ya kuinyanyua, wa mbele hupiga ukelele, "Mzima, mzima," na huendelea hivyo mpaka barabarani. Watu wakisikia hubaki walipo na kuacha njia. Asiposema, ananyang'anywa mgonjwa.

Makame alitueleza haya yote. Mimi nilimsikia, na bado nikafanya nilivyofanya. Kelele za Makame zilikuwa kubwa mno, zinajaza mashine na sauti inatoka imepasuka. Na sisi tuna dawa ya hilo, unamwambia mtu afunge mdomo wakati wa picha, kisha unaichukua sauti yake peke yake baadaye na kuipachika. Nikamwambia, "Makame, hapo kwenye kona fungua mdomo tu, usitoe kitu."

"Ami, watatupokonya."

"Watu wanajua tunapiga filamu."

Wa upande tuliokuwepo walijua. Wa upande wa pili wa kona hawakujua.

Mgonjwa wetu alikuwa Feisal, kijana mnene anayeuza juisi ya miwa Forodhani. Rukia alimwambia asitikisike mpaka asikie neno "kata". Ila Feisal ana shangazi yake kwenye mtaa ule, na alikuwa anaona haya shangazi asimwone amelazwa kama mtoto, kwa hivyo alipokaribia kona akajifunika shuka usoni. Makame na Saidi wakainyanyua machela mabegani. Makame akafungua mdomo, hakutoa kitu. Wakapinda kona.

Wazee wa baraza ya pili walikuwa wanakunywa kahawa. Waliweka vikombe chini kwa pamoja. Kufumba na kufumbua, Makame na Saidi wamepokewa kwa heshima zote na machela imekwenda zake. Mimi nilikuwa nyuma na fimbo yangu ya kipaza sauti, na masikioni naisikia shahada inapita kwa sauti ya chini, safi kabisa, sijapata kurekodi sauti safi kama ile. Rukia na kamera yake anafuata, anaona picha nzuri, kwa nini aseme kata. Na Feisal hajasikia kata, kwa hivyo hatikisiki.

Walifika naye karibu na mlango wa msikiti. Hapo ndipo Makame alipowapata, pumzi juu.

"Nani huyu?" mzee mmoja akamwuliza.

"Feisal, muuza miwa."

"Inna lillahi. Juzi tu nimekunywa kwake."

"Na glasi hujarudisha, mzee," Feisal akasema ndani ya shuka.

Hawakumwangusha. Hilo niliseme kwa ajili yao. Walimteremsha polepole mpaka chini, kisha yule aliyeshika upande wa mguu wa kulia akakaa kitako njiani akashika kifua chake, na Saidi akaenda kumpima. Wakaniona mimi na fimbo yangu.

"Kumbe ni wewe, Kassim," akasema mmoja aliyenijua. "Ulihama mtaa kwa kheri, unarudi na mambo haya?"

Rukia akawaomba radhi. Mimi nikawaomba radhi. Wakatuambia tukae tunywe kahawa, na Feisal akapewa kikombe cha mwanzo kwa kuwa ndiye aliyefufuka.

Ndani ya filamu hakuna hata kipande cha siku ile. Rukia alisema si chake kukitumia. Lakini kutoka hapo aliibadilisha ile sehemu ya kona, na nitakwambieni alivyoibadilisha.

Kesho yake nikakaa na Makame peke yetu kwenye kona, nirekodi sauti yake. Nilimsogeza mbali, nikamgeuza aelekee ukutani, kwa sababu sauti kali ukiichukua inaporudi kutoka kwenye jiwe inakuwa laini. Akapiga, "Mzima, mzima," mara kadhaa. Watu dirishani wakamwuliza nani mgonjwa. Tulipomaliza nikamwuliza.

"Makame, mwaka juzi mlimchukua mwanamke nyumba ile yenye mlango wa kijani. Mimi ni mumewe."

Makame aligeuka. Akautazama mlango.

"Wallahi sikukujua, Ami. Nisamehe."

"Hujakosa kitu. Nataka kujua tu. Uliposema mzima, alikuwa mzima mpaka wapi?"

"Ami, mimi ni wa mbele," akasema. "Mimi namwona muuza ndizi, naona ngazi, naona vespa iliyoegeshwa vibaya. Mgonjwa simwoni. Nasema mzima tangu mlangoni mpaka kwenye gari. Anayejua ni wa nyuma."

Kwa hivyo ilikuwa nimwulize Saidi. Saidi si mtu unayeweza kumwuliza kitu kwa urahisi. Siku zikapita.

Tulipomaliza picha ikabaki siku ya nyayo. Vijana wengi hawajui kuwa nyayo mnazozisikia kwenye filamu mara nyingi zimerekodiwa peke yake. Kwenye picha, fimbo yako inafuata midomo, miguu inabaki yatima. Mkunazini hatukuweza, kwa sababu yule fundi wa milango mwishoni mwa kichochoro alikuwa na kazi ya haraka na nyundo yake haikunyamaza. Tukaenda kichochoro kimoja cha Malindi, kimya zaidi, chini pana mawe kama ya kwetu. Tukatia magunia ya mchanga juu ya machela ili miguu ikanyage kwa uzito, maana mtu asiyebeba kitu anakanyaga kama anayekwenda kupiga soga, na masikio yanajua. Kipaza sauti kidogo nikakifunga chini ya machela.

Wakatembea. Nikasikiliza. Ikaja fujo. Miguu minne, na hakuna hata mmoja unaokubaliana na mwenziwe, kama watu wanaotwanga bila ya kuelewana. Nikawaambia warudi, na mara hii wakanyage pamoja, isikike vizuri.

"Hatutembei hivyo," Saidi akasema. Nadhani yalikuwa ndiyo maneno yake ya kwanza siku ile.

"Kwa nini?"

Makame ndiye aliyeeleza. "Miguu ikikubaliana, machela inapiga bembea. Wa kichefuchefu anatapika, wa mfupa analia. Wa mbele akianza na kulia, wa nyuma anaanza na kushoto. Tunafundishwa tangu siku ya mwanzo, na siku ya mwanzo kila mtu anaanguka."

"Na kama mgonjwa ameshakufa?" nikauliza.

Makame akamtazama Saidi.

"Basi inakubaliana yenyewe," Saidi akasema. "Hakuna tena anayeizuia."

Nikawaambia waendelee kama wanavyotembea. Nilizivaa hedifoni nikainamia mashine ili nisitazamwe. Siku ile ya Jumatatu niliisikia miguu yao. Nilikuwa nyuma yao, na masikio yangu ndiyo kazi yangu. Niliisikia inapishana, inapishana, kisha tulipofika penye bomba la maji ikawa mguu mmoja. Sikuwa najua maana yake. Sasa nilijua. Na Makame aliendelea mbele na mzima, mzima, mpaka barabarani.

Kabla ya kuondoka mahali popote, rekodini ukimya wake. Kila mtu asimame, asitikisike, mashine iende. Kila mahali pana kimya chake, na mtakapokuja kukata sauti mtakihitaji cha kuzibia. Tulisimama sote, Rukia, Makame, Saidi na mimi, na kilichosikika ni bati moja juu ya paa na Saidi anapumua. Nikazima. Nikaenda kufungua kile kipaza sauti chini ya machela, na Saidi akainama kunishikia.

"Saidi, yule mke wangu," nikasema.

"Najua, Ami. Nilikujua tangu siku ya mwanzo."

"Alikuwa mzima mpaka wapi?"

Akafungua mkanda mmoja, akaukunja, akaufunga tena.

"Hapa siwezi kukwambia. Siku tutakayoionesha ile filamu mtaani tutakwenda pamoja, nitakuonesha."

Sikumwambia nilichokisikia penye bomba. Nilitaka aseme mwenyewe.

Filamu tuliionesha kwenye ukumbi wa chini wa nyumba moja kubwa ya pale pale mtaani, baada ya Alasiri, madirisha yamefungwa na mablanketi juu yake. Mabenchi tuliazima chuoni, watoto wanakosomea Kurani. Wazee wote wa kahawa walikuja na wakakaa mbele, na shangazi yake Feisal akaja na mashoga zake wakakaa nyuma, nao walisema tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilikaa na Saidi ukutani.

Ikafika ile kona. Mlivyoiona nyinyi ndivyo ilivyo, machela inanyanyuliwa mpaka mabegani na hapana sauti yoyote. Rukia aliacha pengo pale. Si refu, lakini mimi niliyezipachika zile sauti nilimwambia ni refu mno, na yeye akakataa kulipunguza. Basi machela ikanyanyuka kimya, na pale mbele nikawaona wazee wananyanyuka kwenye mabenchi, mmoja, wawili, mikono imeshawekwa magotini, mmoja ameshasimama kabisa. Ikaja sauti ya Makame kutoka ukutani, "Mzima, mzima." Wakakaa.

"Filamu hii inatuchezea," mmoja akasema, na shangazi yake Feisal akacheka mpaka akatolewa nje.

Nikamwambia Rukia alikuwa sahihi juu ya lile pengo. Akasema, "Najua, Ami," akaenda kuzungumza na watu.

Ilipokwisha ikabidi turudishe mabenchi chuoni, na chuo kiko karibu na barabara. Makame na Feisal walichukua la mwanzo, na Makame akatangulia akipiga kelele, "Njia, njia, mgonjwa wa mbao." Saidi akashika benchi la mwisho kwa mbele akanitazama. Nikashika nyuma.

Tukapita mlango wa kijani. Wanakaa watu wengine sasa, wametia pazia. Tukapita kona, ndizi zilikuwa zimekwisha na meza imesogezwa. Tukafika penye bomba, nikasimama. Benchi likamvuta Saidi kwa nyuma.

"Vipi, Ami?"

"Si hapa?"

"Hapa nini?"

"Miguu yenu ilikubaliana hapa. Niliisikia."

Saidi akatazama chini. Bomba lile linavuja, na lilikuwa linavuja na wakati huo. Jiwe la chini yake lina ukijani.

"Hapa pana utelezi," akasema. "Hapa tunakubaliana kwa kusudi, la sivyo mmoja anakwenda chini na mgonjwa wake. Tukishavuka tunaachana tena."

"Sikuisikia ikiachana."

"Iliachana."

Ni kweli kuwa baada ya bomba sikusikiliza tena. Nilikuwa nashika makubadhi na nakwenda. Maalim Hafidhi alinambia nisikilize iliyotangulia na iliyofuata, na mimi iliyofuata sikuisikiliza.

Saidi akaendelea kutembea, nikamfuata. Tulipita msikiti. Tulipita pale panapoanikwa nguo juu kutoka dirisha hadi dirisha. Tukafika kwa yule fundi wa milango, karibu kabisa na barabara, ambako magari yanasikika. Palikuwa na mlango mpya umeegemezwa ukutani, haujatiwa misumari ya shaba. Saidi akateremsha upande wake wa benchi, nami nikateremsha wangu. Tukakaa juu yake.

"Hapa ndipo nilipojua," akasema. "Siwezi kukwambia ndipo alipokufa. Nakwambia ndipo nilipojua."

"Mpaka hapa."

"Mpaka hapa."

Fundi alikuwa ndani anapiga randa. Tukaisikiliza.

"Alisema kitu?"

"Baada ya bomba. Aliuliza kama umefunga mlango."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umefunga. Mimi sikuwa najua. Nilimwambia tu."

"Nilifunga," nikasema. "Nilitia komeo na kufuli."

"Basi."

"Na Makame aliendelea kusema mzima."

"Sikumwambia kitu. Wewe ulikuwa nyuma yangu."

Fundi akatoka mlangoni na maranda kwenye nywele, akatusalimia, akaliangalia benchi.

"Mnaliuza?"

"La chuo," Saidi akasema.

"Lina mguu mmoja mbovu. Mkilirudisha waambieni waniletee."

Akarudi ndani. Saidi akanyanyuka, akaenda mbele, akainama akashika ubao wake.

"Shika, Ami," akasema. "Nnaanza na kulia."

Nikashika, nikaanza na kushoto.